Boksi la Ndagala Lililorudi

Boksi lilirudi kutoka gerezani siku ya kumi na tisa. Kona moja imebonyea, na mtu amepitisha mstari wa kalamu nyekundu juu ya anwani aliyoiandika mama kwa herufi kubwa. Utepe wa gundi aliokuwa ameuzungusha mara nne umekatwa, na juu yake umebandikwa mwingine wa kahawia, harakaharaka. Tulilifungua mezani kwake, mimi na kisu, yeye amesimama mikono kiunoni. Harufu ya ndagala, yaani dagaa, ikajaa jiko zima. Vitu vyote vilikuwamo: vifuko sita vya ndagala waliokaushwa, unga wa muhogo, karanga za kukaanga, pilipili ya kusaga na sweta la bluu iliyokolea. Hakikupungua hata kimoja.

"Basi hawakula," mama akasema. Nadhani angefarijika zaidi kama wangekula.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Jina lake nimeliacha, la mwanawe pia, na gereza nitaliita gereza tu: ni mojawapo ya magereza ya jimbo la New York, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka nyumbani kwao. Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Kasulu, Tanzania. Mama ni mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani kwetu, kabla ya kuletwa Marekani pamoja na wanawe. Ndiyo maana ananiita mwanangu, na ndiyo maana simu yake naipokea hata saa tano za usiku. Kijana ana miaka 23. Alikiri kosa, akafungwa, na hilo silirudii hapa. Ninachotaka kukichambua ni boksi.

Ukitaka kumwelewa mama, anzia Uvira, usianzie New York. Kongo, chakula cha mfungwa hutoka nyumbani kwake. Serikali hutoa kidogo, siku nyingine haitoi kitu, na wanawake wenye sufuria zilizofunikwa kwa kitambaa mlangoni mwa gereza ni sehemu ya mji kama lilivyo soko. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500 na kwa miaka mingi limebeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Mfungwa asiye na ndugu karibu hukonda hadi mbavu zinahesabika. Kwa mtu aliyekulia huko, kumpelekea mfungwa chakula si zawadi hata kidogo. Usipopeleka, umemzika akiwa hai, na majirani watasema.

Kwa hiyo tangu siku ya hukumu mama alikuwa na swali moja: "Mutoto atakula nini kule?" Nilimweleza kwamba New York inawapa wafungwa milo mitatu kwa siku. Akanitazama kama anayeambiwa mvua hainyeshi huku nguo zake zimelowa. Kisha kijana akapiga simu, akaulizwa, akajibu, "Chakula kipo, mama, lakini..." halafu akanyamaza. Hiyo "lakini" ndiyo iliyonunua ndagala.

Ushauri wa namna ya kutuma aliupata kanisani, kwa mzee ambaye mdogo wake alitumikia kifungo na kutoka mwaka 2019. Nenda duka la Waafrika, nunua, funga vizuri, andika namba ya mfungwa, peleka posta. Sisi tulikuwa tunatuma mpaka mchele, mzee alisema. Wala hakudanganya. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nimeona ushauri wa aina hii ukiumiza watu kuliko uongo, kwa sababu uongo utauona una shaka, lakini ukweli uliokwisha muda wake unakuja na ushahidi.

Sasa yale mafungashio. Nyarugusu mama aliishi kwa kupima: sukari, chumvi, karanga, sabuni ya unga, kila kitu katika vifuko vidogo vya nailoni. Kila aliyekulia kwetu anaujua ufundi huo. Unakunja mdomo wa mfuko, unaupitisha juu ya mwali wa mshumaa, haraka, usikae sana usije ukatoboka, usiwahi sana usije ukaachia. Ukishika vizuri, unaacha ukingo mwembamba mgumu unaong'aa kama ukucha. Vile vifuko sita vya ndagala vilikuwa na kingo hizo, zimenyooka kama rula. Nilivibonyeza kwa vidole na hewa haikutoka. Kwa macho yangu hakuna kiwanda kingefunga vizuri zaidi.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye visanduku, vimetiwa alama kwa kalamu. Mama akaniomba nimsomee. Nikamwambia wanasema chakula hakikutoka kwa muuzaji.

"Muuzaji gani tena? Nilinunua kwa muuzaji," akasema, akafungua pochi, akanitolea risiti ya duka la Waafrika, imekunjwa mara nne.

Nilicheka, nikajuta. Kumbe hapo kwenye risiti ndipo kisa kizima kilipo, nami sikukiona hadi baadaye.

Kanuni za New York kuhusu vifurushi ni ndefu. Kwa miaka mingi ziliwaruhusu ndugu kutuma chakula kwa posta, au kukibeba wenyewe siku ya kumtembelea mfungwa na kukiacha mlangoni kikaguliwe. Sharti kubwa lilikuwa lakiri: chakula kiwe katika kopo au pakiti iliyofungwa kiwandani, isiyopitisha hewa, ambayo mtu akiichezea inaonekana. Kiasi kilikuwa ratili 35 kwa mwezi, karibu kilo 16, katika vifurushi visivyozidi viwili. Basi hata katika zama za yule mzee wa kanisani vifuko vya mama visingepita. Mshumaa si kiwanda. Mdogo wa mzee yule alipokea mchele kwa sababu ulikuwa mchele wa dukani katika mfuko wake wa dukani, jambo ambalo mzee hakulitaja kwa kuwa kwake halikuwa jambo.

Mwishoni mwa mwaka 2017 idara ya magereza ya jimbo ilitangaza majaribio katika magereza matatu: Green Haven, Greene, na Taconic ambalo ni la wanawake. Kuanzia Januari 2018 wafungwa wa humo wangepokea vifurushi kutoka kwa wauzaji walioidhinishwa peke yao, na mwanzoni wauzaji hao walikuwa watano. Ndugu asitume, asilete. Kilichowasha moto, ajabu, hakikuwa chakula, vilikuwa vitabu. Watu wanaopeleka vitabu vya bure magerezani walipekua katalogi za wale wauzaji watano na kuhesabu kilichomo: riwaya tano za mapenzi, vitabu 14 vya dini, 24 vya kuchora na kupaka rangi, 21 vya mafumbo, 11 vya kujifunzia mambo kama gitaa na sataranji, kamusi moja na tesaurasi moja. Jumla 77. Jimbo lenye baadhi ya maktaba kubwa kabisa duniani lilikuwa linawapa wafungwa wake vitabu 77, karibu theluthi moja ni vya kupaka rangi. Kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 12 Januari gavana wa wakati huo, Andrew Cuomo, akaagiza mpango ufutwe. Haukumaliza hata majuma mawili.

Mwaka 2022, chini ya gavana Kathy Hochul, wazo lilelile likarudi kwa mlango mwingine, awamu kwa awamu, hadi likaenea jimbo zima. Safari hii hawakufungia biashara kwa wauzaji watano. Nunua duka unalotaka, alimradi boksi lipakiwe dukani na litoke dukani moja kwa moja hadi gerezani. Ndugu waliokuwa wakibeba matunda na mboga siku ya kutembelea wakakuta mlango huo umefungwa. Kelele zilikuwapo, lakini hakuna aliyekuja na hesabu ya kuchekesha kama ile ya vitabu 77, na kanuni ikakaa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka risiti ya mama. Sisi sote, mama, mzee wa kanisani na mimi mkalimani, tulikuwa tunaisoma kanuni kama orodha ya vitu: hiki ruhusa, hiki marufuku. Mtu akiisoma hivyo, ndagala ni samaki, samaki wanaruhusiwa, basi tuma. Tangu 2022 swali la kwanza katika chumba cha vifurushi limekuwa jingine. Wanauliza mkono wa mwisho kuligusa boksi kabla halijafungwa ulikuwa wa nani. Risiti ya mama ilithibitisha kwamba alinunua, lakini pia ilithibitisha kwamba vitu vilipita jikoni kwake. Kosa lake lilikuwa mikono yake, ile ile iliyofanya kazi nzuri kuliko kiwanda.

Niwatendee haki askari. Nimewahi kuona picha za yanayokamatwa. Kuna K2, bangi ya kutengenezwa maabara, inayonyunyiziwa kwenye karatasi hadi barua ya mapenzi inakuwa dawa ya kuvutwa. Kuna vipande vya Suboxone, dawa ya kutibu uraibu, vyembamba kama ngozi ya kitunguu, vinavyoweza kufichwa chini ya stempu au katika mshono wa nguo. Jiweke nafasi ya askari asubuhi ya Jumatatu, meza imejaa maboksi, unafungua moja na kukuta mfuko wa nailoni usio na lebo, umechomwa kwa moto, ndani yake unga mweupe. Sisi wenyewe katika Kiswahili cha Dar na Mombasa tukisema fulani anauza unga hatumaanishi wa ugali. Mama alituma unga wa muhogo. Askari angejuaje?

Hata hivyo hoja ya magendo ina tundu. Texas iliwahi kubana barua na kadi za wafungwa, na mwaka 2020 korona ikaja ikafunga hata matembezi ya ana kwa ana, na dawa zikaendelea kuingia. Maofisa wa Rikers Island, mahabusu ya jiji la New York, wameshitakiwa zaidi ya mara moja kwa kuingiza wenyewe wanachotakiwa kukizuia. Ukifunga dirisha huku mlango uko wazi, joto la nyumba halibadiliki, ila aliyekuwa anapenda kukaa dirishani ndiye anayeumia.

Turudi kwenye boksi. Kijana aliitwa chumba cha vifurushi, akaonyeshwa kilichokataliwa, akapewa kuchagua: kirudishwe kwa gharama yake, kitolewe sadaka, au kiharibiwe. Akachagua kirudishwe. Gharama ilikuwa dola 19 na senti 50, zikatolewa katika akaunti yake ya gerezani. Corcraft, kitengo cha viwanda cha magereza ya jimbo hilo, mwaka 2020 kilikuwa kikiwalipa wafungwa wake wastani wa senti 65 kwa saa, na hao ndio wenye kazi nzuri. Kwa kipimo hicho, kurudisha ndagala wa mama kulikuwa saa 30 za kazi. Kijana hafanyi kazi Corcraft, anapiga deki.

Nilipozungumza naye baadaye nikamuuliza kwa nini hakukubali vitolewe sadaka, asilipe chochote. "Ningemwambia vimeenda wapi?" akasema.

Jaribio la pili lilikuwa langu, na aibu yake ni yangu. Niliona kwa kuwa sasa naelewa kanuni, kazi imekwisha. Nikaingia duka kubwa la mtandaoni, nikachagua sadini za kopo, wali wa kupasha moto, siagi ya karanga na biskuti, nikaandika jina la kijana, namba yake, anwani ya gereza, nikalipa. Duka likaigawa oda yangu katika maghala matatu. Yakaondoka maboksi matatu, siku tatu tofauti. Kanuni inahesabu maboksi, haijui oda. La kwanza likapita. La pili lebo yake ilikuwa imekata namba ya mfungwa, kwa sababu fomu ya duka haikuwa na nafasi ya kutosha katika mstari ule. Namba hiyo ndiyo jina la mtu humo ndani: tarakimu mbili za mwaka alioingia, herufi ya kituo alikopokelewa, kisha tarakimu nne. Bila namba, boksi lilikaa siku kadhaa likisubiri mwenyewe, na wakati huo boksi la tatu likafika na kukuta idadi ya mwezi imejaa. Sadini zilikuwa humo kwenye la tatu.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Hata wewe wamekurudishia," na nilimsikia ametulia kidogo.

Jaribio la tatu tulienda kwa muuzaji anayehudumia magereza peke yake. Kampuni za namna hii ziko kadhaa Marekani, na kazi yao si kuuza chakula hasa, ni kuuza uhakika: katalogi imeshachujwa, kila kilichomo kinapita, boksi linatoka limefungwa mara moja, namba iko mahali pake. California mtindo huo umezoeleka zaidi, mfungwa hupata kifurushi kimoja kila robo mwaka cha hadi ratili 30 kutoka kwa wauzaji waliokubaliwa. Katika magereza ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ndugu karibu hawatumi vifurushi kabisa. Msomaji aliye Ohio au Arizona asichukue kisa hiki akakifanya kanuni ya kwao. Kila jimbo lina yake, na wakati mwingine gereza na gereza.

Uhakika una bei. Pakiti ya samaki ambayo dukani mtaani kwetu naipata kwa chini ya dola mbili, katalogi iliandika dola 3 na senti 25. Saa tano za kazi kwa kipimo cha Corcraft. Nikampigia mama hesabu, nikamwuliza kama si bora amtumie kijana pesa anunue mwenyewe duka la gereza. Akasema pesa si chakula. Nilidhani ni ukaidi, mpaka nilipokaa na karatasi za hukumu. Anayehukumiwa kwa kosa kubwa New York hudaiwa ada ya lazima ya dola 300, na juu yake dola 25 za mfuko wa waathirika. Deni hilo hukatwa katika akaunti ya mfungwa, na pesa inayoingia kutoka nje inakatwa pia. Pakiti ya samaki haikatwi, anaipokea nzima. Mama hakuwa ameisoma karatasi yoyote.

Katalogi tuliipitia pamoja jioni nzima, picha kwa picha, mimi nikitafsiri. Tambi za pakiti, soseji za nyama ya ng'ombe, chipsi za pilipili, jibini ya kupaka, peremende, kahawa ya unga. Ndagala hawakuwamo, wala unga wa aina yoyote. Katika picha arobaini na kitu mama aliweka kidole kwenye nne. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. "Usijaze."

Nikafikiri anaogopa gharama. Akaeleza. Uvira, mfungwa anayeletewa sufuria kubwa hali peke yake. Kuna wakubwa wa humo ndani, kuna wenye njaa, na kuna wale wanaokukopesha leo na kukudai kesho mara mbili. Mgeni akionekana anacho, anajengewa madeni ambayo hakuyaomba. Nilimhakikishia Marekani si hivyo, halafu nikakumbuka kwamba katika magereza mengi ya Marekani pakiti ya tambi ni sarafu. Wafungwa wanahesabiana madeni kwa tambi, wanalipana kwa tambi kufuliwa nguo au kuchezea kamari. Mtafiti mmoja wa Arizona, Michael Gibson-Light, mwaka 2016 alieleza jinsi tambi zilivyochukua nafasi ya sigara kuwa pesa ya gerezani, kwa sababu chakula chenyewe kilikuwa kimepungua na kuharibika. Kijana wa miaka 23, mgeni, anayetoka chumba cha vifurushi amebeba boksi kubwa, kila jicho linamwona. Tukaagiza ratili tisa. Lilifika siku ya saba, halikukosa kitu.

Kwa hiyo ukiuliza kisa kilikwama wapi, jibu rahisi ni kwamba mama hakuijua kanuni. Mimi jibu hilo silitaki, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeijua tangu mwanzo.

Kijana anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Siku alipopokelewa alipewa karatasi za taratibu zote, pamoja na za vifurushi. Wiki ambayo mama alikuwa anachoma vifuko kwa mshumaa waliongea kwa simu mara mbili, na mama akamwambia wazi, nakutumia ndagala. Nilipomuuliza alikuwa anafikiri nini, alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nilijua," akasema. "Kaka, ningemwambiaje mama usinipikie?"

Nimeshawaeleza watu wengi mambo ya vifurushi tangu siku hiyo, na sasa simwulizi tena mama peke yake. Nasubiri mfungwa apige simu, naomba niongee naye mwenyewe, namwambia kwamba kukataa chakula hicho si kumkataa mama, na kwamba nitalibeba mimi neno hilo. Wengi hupumua. Kazi ya ukalimani inasemwa kuwa ni ya lugha mbili. Hapa mama na mwana wote wanaongea Kiswahili, kilichokwama hakikuwa lugha.

Likabaki sweta. Katika karatasi ile ya visanduku alama zilikuwa mbili, na sisi kwa uchungu wa ndagala tulisoma moja. Ya pili ilihusu rangi. Nguo kutoka nje zisiwe bluu, nyeusi, kijivu wala rangi ya chungwa, zisije zikamfananisha mfungwa na askari, na zisiwe na kofia ya kuficha uso. Sweta la mama lilikuwa bluu. Lingerudi hata kama ndagala wangepita.

Lakini humo humo katika kanuni mpya kuna tundu dogo walilowaachia ndugu: mara mbili kwa mwaka wanaweza kutuma kifurushi kisicho na chakula, wao wenyewe, kwa posta. Nilipomwambia hivyo mama alinifanya nirudie. Mimi mwenyewe? Kwa mikono yangu? Kwa mikono yako, mama. Siku hiyo hiyo akanipeleka madukani. Tulizunguka maduka matatu kwa sababu Marekani ya Novemba inauza sweta nyeusi, kijivu na bluu tu, na mwishowe akalipata moja la damu ya mzee, zito, shingo ya duara. Tukanunua na soksi nyeupe. Akalikunja mezani, akalikunjua, akalikunja tena mikono ikiwa ndani, namna anayokunja nguo za watoto. Risiti tuliiweka juu. Namba ya mfungwa aliiandika yeye, pande zote nne za boksi.

Halikurudi. Wiki mbili baadaye kijana akapiga, mama akaweka simu sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mama, sweta limefika. Linanuka ndagala."

Mama akanitazama, akashusha sauti kana kwamba askari yuko mlangoni.

"Lililala jikoni siku tatu," akasema. "Sikufanya makusudi."